Tupeane uzoefu: Titanic yako ilikuwa ipi?

Mwenye uzi
Wakuu, salamu. Juzi nimebishana na shemeji yangu kuhusu Titanic hadi chai ikapoa. Yeye anasimulia kijana aliyemwachia mwanamke nafasi kwenye boti ya kuokolea, akarudi kufa na baba yake. Mimi namwambia hicho kisa hakipo, Titanic ni Jack na Rose. Kumbe ya kwake ni ya 1953, nyeusi na nyeupe, ya Barbara Stanwyck na Clifton Webb. Jina lile lile, na Jack hayumo kabisa!

Nikaitafuta. Meli mle ni kisingizio tu. Mke anamtoroka mume pamoja na watoto, mume ananunua tiketi ya abiria wa daraja la chini ili awafuate. Kwa ladha yangu ugomvi wa wale wawili unaishinda ile barafu.

Haya, tupeane uzoefu. Kitabu au sinema, na uliipatia wapi?

Deki Mbovu
Ya 1997, kibanda umiza, Mbagala. Sinema inazidi saa tatu kwa hiyo ilikuja kwa mikanda miwili, na mwenye banda mjanja: wa kwanza ukiisha anapita kukusanya kiingilio upya. Meli imeshagonga barafu, nani atatoka?

Shida ikawa mwisho. Sisi tumekua tukijua steringi hafi. Jack alipozama, jamaa wa nyuma akasema kwa sauti, "Tulieni, anaibuka huyo." Majina yakaanza kupanda, watu wamekaa palepale wanamsubiri. Baadaye ukazuka ugomvi mkubwa, kwamba mkanda wa tatu upo na mwenye banda ameuficha ili autoze kesho.

Mtoto wa Kirumba
Umenichekesha mkuu, ila kwetu Mwanza ile sinema ilikuta kidonda kibichi. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, mjini tayari kunaonekana, mamia ya watu wakafa. Ilikuwa inaelea kichwa chini na ndani wamo watu hai. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama moja kwa moja. Mama alikuwa miongoni mwa waliokwenda kusubiri habari za ndugu.

Sasa kaka akaazima mkanda. Tulipofika pale abiria wa daraja la tatu wanapotikisa mageti yaliyofungwa, mama akanyanyuka, akazima swichi ya ukutani, akaenda jikoni kuchambua mchele. Hakuna aliyethubutu kuiwasha.

Bibi Vitabu
Pole sana mwanangu.

Mimi ni wa vitabu. Morgan Robertson alitoa hadithi mwaka 1898, miaka 14 kabla ya ajali. Meli anaiita Titan, inagonga barafu Aprili, Atlantiki ya Kaskazini, na boti hazitoshi. Watu wanasema alitabiri. Mie naona ni mtu aliyewahi kuwa baharia, aliyajua mambo ya meli na ubahili wa wenye meli. Hawakuambii kwamba mbele ya hapo shujaa, mlevi mmoja, anapigana na dubu mweupe juu ya barafu! Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia kucheka.

Na msisahau ya kwetu. Joshua Amandus Mtani alikichora kisa cha Jack na Rose kwa katuni za Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Kwangu hiyo iliwahi kufika kuliko sinema.

Msafiri wa Hamburg
Huku ipo ya Kijerumani ya 1943, na mkasa wa kuitengeneza unaizidi sinema yenyewe. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, aliitaka iwasute Waingereza: wenye kampuni wanaikimbiza meli ili hisa zipande, na mwenye akili pekee ni ofisa Mjerumani ambaye kwenye meli halisi hakuwepo. Mwongozaji, Herbert Selpin, akawasema vibaya wanajeshi kazini, akakamatwa, na 1942 akakutwa amekufa selo. Ilipokamilika Goebbels mwenyewe akazuia isionyeshwe Ujerumani. Watu wanalala wakingoja mabomu, halafu uwaonyeshe umati unaopiga mayowe?

Meli waliyopigia picha ni Cap Arcona. Mei 3, 1945 ndege za Uingereza ziliishambulia ikiwa imejaa wafungwa wa kambi za mateso, wakafa maelfu. Titanic yenyewe iliondoka na watu kama 1,500. Niliitazama nikiwa nimeshalijua hilo, sikuweza kufuatilia kisa. Nilikuwa natazama kuta za meli tu.

Deki Mbovu
Duh. Mimi nilidhani nimekuja kubishana kuhusu ule mlango aliouelea Rose, kama Jack naye angeenea.

Mwenye uzi
Mlango tubishane pia, Deki. James Cameron mwenyewe, mwongozaji wa ile ya 1997, alilipima suala hilo mwaka 2023 akakubali kuna namna Jack angeweza kupona, kwa hiyo wale wa Mbagala hawakuwa wajinga. Bibi Vitabu, hizo katuni bado unazo? Piga picha hata kurasa mbili utuwekee hapa.

Bibi Vitabu
Zipo kwa mdogo wangu Muheza, na kukopesha kwake hataki. Nitamtega na kitenge.