Canonet QL17 G-III ya mtumba: nikague nini kabla ya kulipa?

picha36: Wakuu, kuna mtu anauza Canonet QL17 G-III, ile renjifainda ya Canon (kamera ya filamu unayofokasi kwa kuoanisha picha mbili dirishani) yenye lenzi ya milimita 40 f/1.7. Haina betri, na kitufe cha kupigia picha hakibonyezeki. Anayo pia Yashica Electro 35 GSN, na hiyo inapiga shata (vipande vinavyofunguka kupitisha mwanga hadi kwenye filamu) bila betri. Tunakutana ana kwa ana, sina filamu ya kujaribia. Nikague nini, na nichukue ipi?

kiooangavu: Mkuu, usiikatae Canonet kwa hilo. Tazama kwanza pete ya apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Ikiwa kwenye A (kamera inachagua apecha yenyewe), kitufe hujifunga chenyewe pale sindano ya kipima mwanga inapokuwa nje ya kipimo, na bila betri sindano haiinuki. Itoe kwenye A, weka f/8, sogeza mkono wa filamu, ubonyeze. Shata yake inaendeshwa na springi, haidai betri. Ikigoma hata hapo, hiyo ni mbovu.

Kinachoziua kamera hizi ni mafuta yaliyoganda kwenye vipande vya shata na vya apecha. Fungua mlango wa nyuma, weka kasi ya shata 1/4 ya sekunde, elekeza lenzi dirishani na urekodi kwa simu kwa fremu 240 kwa sekunde. Kwa 1/4 shata inatakiwa ionekane wazi kwa fremu kama 60, kwa 1/30 kama 8. Kwa 1/500 simu haiwezi kupima, angalia tu kwamba inafunguka. Rudia mara kumi, maana shata yenye mafuta huamka baada ya kupigwa mara mbili tatu, kisha hulala tena ikikaa siku nzima. Kwa hiyo pigo la kwanza ndilo la kuamini, na mwombe muuzaji asiipige kabla hujafika. Halafu weka B (shata hukaa wazi muda wote umebonyeza), shikilia kitufe na uzungushe apecha kutoka f/1.7 hadi f/16: tundu lipungue papo hapo, bila kuchelewa.

mwanga_wa_jioni: Kuhusu Yashica: kupiga bila betri si ushahidi wa chochote. Shata yake inaongozwa na umeme, na bila betri inapiga 1/500 pekee. Nenda na betri ya volti 6, 4LR44 au PX28A, pamoja na kijazio cha kuziba nafasi, kwa sababu betri yake ya asili ya zebaki ya volti 5.6 ilikuwa kubwa zaidi na haitengenezwi tena. Tofauti hiyo ya volti haiisumbui.

Ukisogeza mkono wa filamu, sikiliza mlio mzito wa "tok". Usipousikia, kipande kidogo cha mpira ndani ya kamera kimeoza, na kasi za shata haziaminiki tena. Kinabadilishwa, ila fundi lazima avue kifuniko cha juu. Kisha funika lenzi kwa kiganja na ubonyeze: shata ibaki wazi kwa sekunde kadhaa. Ikijifunga mara moja, iache.

kiooangavu: Nakubaliana. Mimi ningechukua Canonet: saketi ya Yashica ikifa umebaki na 1/500 tu.

pwani_mm: Msisahau renjifainda yenyewe. Zungusha fokasi hadi alama ya mbali kabisa, lenga mnara ulio mbali zaidi ya nusu kilomita. Picha mbili ndani ya kile kiraka cha manjano katikati ya dirisha la kutazamia ziwe kitu kimoja. Zikipishana kushoto na kulia, au moja ikikaa juu na nyingine chini, kuna marekebisho ya skrubu, omba punguzo. Kisha pima mita 1 kwa futi ya fundi, kuanzia ilipo filamu, si mbele ya lenzi. Kiraka kikiwa hakionekani kabisa, kioo chake cha ndani kimechakaa, na hicho hakirekebishiki kwa skrubu.

Kwa lenzi: weka B, shata ikiwa wazi, mulika tochi kutoka nyuma kwa kuinamisha. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, nao hula rangi ya juu ya kioo. Ni tatizo la kawaida huku pwani, hasa kamera ikihifadhiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri chenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu).

Sponji nyeusi za mlangoni, zinazozuia mwanga kuingia, zitakuwa zimeyeyuka, hilo lisikutishe. Zisugue kwa kijiti na alkoholi ya isopropili, kamera ikiwa imeinama ili uchafu usiangukie shata, ubandike nyingine ya milimita 1.5.

picha36: Asanteni sana. Na betri ya Canonet?

mwanga_wa_jioni: Ya asili ilikuwa PX625 ya zebaki, volti 1.35. Usiweke ya alkali ya 1.5: kipima mwanga kitaona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zitakuwa nyeusi. Nunua namba 675, zinki-hewa, za vifaa vya kusikia. Ni nyembamba kwa kipenyo, hivyo izungushie mpira mdogo wa duara ikae katikati. Ukishabandua karatasi yake, subiri dakika chache ipate hewa ndipo uiweke. Itadumu miezi michache tu.