Skana ya nukta 4800 inayoona mikwaruzo ya kasha na kushindwa kuona komiki: kwa nini wanatuficha jambo la msingi?

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi naufungua nikiwa na hasira, na anayetaka kuniambia nitulie asubiri kwanza asome mpaka mwisho.

Nina komiki 14 zilizopewa gredi (alama ya hali ya kitabu, ya juu kabisa ni 10) na kufungwa kwenye makasha ya plastiki ngumu. Nilitaka kuziskani mbele na nyuma nibaki na kumbukumbu, na zile tatu ninazoziuza, mnunuzi aone kila mkunjo wa uti kabla hajatoa hela yake. Nikanunua skana bapa, ile ya kulaza kitu juu ya kioo. Sijanunua kwa pupa. Nimesoma maelezo ya kwenye boksi, nimesoma ukurasa wa mtengenezaji, nimemuuliza muuzaji kwa maandishi kabisa: "Itaskani kitu kilichomo ndani ya kasha la plastiki?" Akajibu ina nukta 4800 kwa inchi, haitashindwa na kitu.

Nikalaza kasha la kwanza. Picha ilipotoka, mikwaruzo ya juu ya plastiki inaonekana mmoja mmoja, hata alama ya kidole changu pale pembeni unaweza kuhesabu mistari yake. Komiki yenyewe? Ukungu. Maandishi ya lebo, ile ya juu ya kasha yenye gredi na namba, yamevimba kama yameloa maji, uti wa kitabu umekuwa mstari wa kijivu, zile nukta za wino wa zamani zimechanganyikana zikawa uji. Nikaenda nukta 600. Ukungu uleule, ila faili kubwa. Nikaenda 1200, kompyuta ikakaribia kugoma, ukungu haukuondoka.

Nikarudi kwa muuzaji. Jibu la kwanza: safisha kioo. Jibu la pili: ongeza ukali wa picha kwenye programu. Jibu la tatu ndilo lililonikata maini: "Hiyo ni skana ya karatasi, wewe umeweka boksi." Nilikuuliza kabla sijalipa! Maandishi ninayo!

Sasa naomba niwaeleze kinachotokea, maana nimekaa usiku kadhaa mpaka nikaelewa, na kinaniuma kwamba hakuna aliyenifafanulia kabla.

Skana bapa zina aina mbili za macho. Ya kwanza ni CIS. Hapa safu ya vihisi imepangwa karibu kabisa chini ya kioo, na taa zake za LED ziko palepale ubavuni. Haina lenzi kubwa wala vioo vya kupeleka taswira mbali, ndiyo maana skana yenyewe ni nyembamba, nyepesi, na mara nyingi inakula umeme kupitia waya wa USB peke yake. Ni jicho linaloona kitu kilichogusa kioo tu. Kikiinuka milimita moja hivi, ukungu unaanza. Karatasi kwake ni safi kabisa. Ukilaza kitabu kinene, pale katikati kinapoinuka panaanza kufifia.

Ya pili ni CCD. Hii ina lenzi halisi, na taswira inapita kwenye vioo kadhaa kabla ya kufika kwenye kihisi. Ndiyo maana boksi lake ni nene, zito, na linakuja na adapta yake ya umeme. Lenzi inaipa kile tunachokihitaji sisi, yaani kina cha fokasi. Kitu kikiwa juu ya kioo kwa milimita kadhaa bado kinaonekana vizuri.

Tazameni kasha lenu sasa. Komiki haigusi ukuta wa nje. Iko ndani ya mfuko wake wa plastiki, mfuko uko ndani ya kasha, na kingo za kasha zimeinuka kuzunguka pande zote ili makasha yakipangwa yasikwaruzane usoni. Jumlisha hayo yote, jalada liko milimita chache juu ya kioo. Skana ya CIS inaskani plastiki kwa uaminifu mkubwa na komiki inaiacha ndani ya ukungu. Nukta 4800 hazina kazi hapo. Ukiongeza nukta unapata ukungu uliokatwa vipande vidogo zaidi.

Hasira yangu iko hapa. Neno CIS au CCD ni herufi tatu. Kwenye boksi langu walipata nafasi ya kuandika nukta, rangi, kasi, vitufe vya kunakili, mpaka umbo jembamba la kuweka wima mezani. Aina ya kihisi niliikuta kwenye faili la vipimo, ukurasa wa ndani, bila neno hata moja la kueleza maana yake kwa anayeskani kitu chenye kimo. Kina cha fokasi hakikuandikwa popote. Namba pekee ambayo ingenizuia kununua ndiyo iliyokosekana.

Na msiniambie ni jambo dogo. Gredi inategemea vitu vidogo. Mikunjo midogo ya uti, ile inayovunja rangi na kuacha alama nyeupe, ndiyo inayotenganisha 9.8 na 9.4. Mnunuzi wa kwanza niliyemtumia picha aliniambia wazi kwamba ninaficha kasoro. Mimi! Nimekaa miaka nikijenga jina langu kwa wenzangu kwa kuonyesha kila doa, leo naonekana tapeli kwa sababu ya skana. Nimeumia kwelikweli.

Tena baada ya yale ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, pale ilipogundulika kuna mtu aliyekuwa akibadilisha komiki zilizomo kwenye makasha ya CGC, kampuni inayotoa gredi, na kuweka za hali ya chini, picha kali imekuwa kinga. Namba ya lebo unaweza kuihakiki, lakini namba haikwambii kama kitabu kilichomo ni kilekile. Kinachokwambia ni picha: mkato wa ukingo ulivyokaa, doa la wino lilipo, mkunjo wa pembe. Nilitaka kila komiki yangu iwe na picha hiyo, ikipita mkono mmoja hadi mwingine mtu aweze kulinganisha. Ukungu haulinganishwi na kitu.

Halafu kuna suala la ukubwa, nalo limenichosha. Kasha la kawaida la CGC lina urefu wa takribani sentimita 33. Kioo cha A4 ni 29.7. Kwa hiyo kasha halikai juu ya kioo, linapanda juu ya fremu ya plastiki inayozunguka kioo, na fremu hiyo mara nyingi iko juu kidogo. Upande mmoja umeinuka, mwingine umeshuka. Kwa CIS hapo ndipo mambo yanaisha kabisa. Hata CCD inapata shida ikiwa fremu ni nene. Kama unataka komiki tu, unaweza kulisogeza kasha mpaka jalada liwe ndani ya kioo, kwani kitabu cha kisasa kina urefu wa sentimita 26 hivi. Lakini mnunuzi anataka lebo na kitabu kwenye picha moja, na ana haki.

Watu wakanishauri niskani nusu mbili kisha niziunganishe kwenye kompyuta. Nimefanya. Kosa nililofanya, msilirudie: kwa nusu ya pili niligeuza kasha, kichwa chini. Taa ya skana inamulika kutoka upande mmoja. Ukigeuza kasha, vivuli vya mikunjo vinageuka pia, mng'ao wa plastiki unahama, na mahali pa kuungana panaonekana kama kidonda. Kama ni lazima uunganishe, telezesha kasha tu bila kuligeuza, na chini ya upande unaoning'inia weka kitu cha kimo sawa na fremu ili lisiiname. Mwelekeo huohuo wa taa ndio unaofanya mikunjo ya uti ionekane au ipotee. Skani mara moja uti ukiwa sambamba na mwendo wa taa, kisha zungusha robo na urudie. Mimi nilishangaa jinsi kasoro zilivyotokea kwenye picha ya pili. Mwuzaji mwadilifu anatoa zote mbili.

Kuna jipya nililojifunza kuhusu kifuniko pia. Nilikuwa nakibana juu ya kasha ili mwanga usiingie. Acheni mara moja. Kasha linaweza kupata ufa pembeni, na hata lisipopata, mgandamizo unasogeza plastiki ya ndani mpaka iguse ukuta wa kasha na unaona zile duara za rangi za upinde wa mvua, duara za Newton. Fungua kifuniko kabisa, au kitoe kama kinatoka, funika kasha kwa kitambaa cheusi kizito, zima taa za chumba. Kwa kitambaa cheusi kingo za kasha zinaonekana vizuri zaidi kuliko kwa kile cheupe cha chini ya kifuniko.

Mipangilio ya programu nayo imejaa mitego. Ule ukataji wa picha wa kiotomatiki hauioni plastiki inayopenya mwanga, unakata kasha na kubakiza komiki, au unakata nusu ya lebo. Zima. Marekebisho ya rangi ya kiotomatiki yanageuza karatasi iliyopata umanjano kuwa nyeupe, na hapo umemdanganya mnunuzi bila kukusudia. Zima. Kuna na kile kipengele cha kuondoa nukta za uchapaji, kinaondoa michoro ya mawimbi inayoletwa na nukta hizo kwa kulainisha picha nzima, na mikunjo midogo inalainishwa pamoja nayo. Zima, skani kwa nukta 600, kisha punguza picha baadaye. Mawimbi mengi yanaondoka yenyewe. Kwa kuonyesha mtandaoni 300 inatosha: kasha zima linakuwa na pikseli 2400 kwa 3900 hivi.

Kabla hamjanunua, au kama muuzaji anawaruhusu kujaribu, fanyeni hiki ambacho natamani mtu angeniambia. Chukua rula ya sentimita 30. Upande wa sifuri uguse kioo, upande wa pili uinue kwa milimita 15. Kila sentimita 2 za rula ni milimita 1 ya kimo. Skani kwa nukta 600 halafu soma ni wapi mistari midogo inaanza kuungana. Kwangu ilianza kuungana kabla ya sentimita 3. Yaani jicho la mashine niliyoilipia linakoma kwenye milimita moja na nusu, na komiki yangu iko juu ya hapo. Jaribio la dakika mbili. Mtengenezaji hakushindwa kulifanya na kuchapa jibu lake.

Nilipotaka kubadilisha nikakutana na ukuta mwingine. Skana za CCD za A4 bado zipo, Epson Perfection V600 kwa mfano ni CCD, lakini kioo chake ni kilekile cha A4. Nikitaka kasha zima kwa mara moja nahitaji A3, na nyingi za A3 zilizo nafuu ninazoziona ni CIS. Zile nzito za zamani zinapatikana zikiwa zimetumika, ila programu zake hazikubali kompyuta za sasa; wenye uzoefu wanatumia programu ya VueScan kuziamsha. Yaani mimi nimenunua kitu kipya ili niishie kutafuta cha zamani.

Muuzaji amekataa kurudisha hela kwa madai kwamba skana haina hitilafu. Ni kweli haina hitilafu. Nilichouziwa ni jibu la uongo kwa swali lililo wazi, na nimemwandikia tena leo asubuhi nikiambatanisha ujumbe wake mwenyewe na picha ya rula.

Mwenye skana ya A3 ya CCD inayofanya kazi na kompyuta ya sasa, naomba afanye jaribio la rula na aweke picha hapa pamoja na jina la mashine. Picha ambayo haijaongezwa ukali tafadhali. Na waliofanikiwa kurudishiwa hela kwa kesi kama yangu, niambieni mliandika nini.