Nimeombwa kusomea kijiji kaye ya mgodi kwa Kiswahili, nianzie wapi?

MamaFotokopi, Katuba
Jambo yenu wote. Nina kibanda cha fotokopi hapa Lubumbashi. Watu hawaleti karatasi za kunakili tu; kuna barua ya shule, kuna wito wa mahakama, wanasema, "Mama, tuangalilie wanasema nini." Hizo nasoma bure kama hakuna foleni.

Sasa amekuja mzee kutoka kijiji kilicho jirani na mgodi wa shaba, na kaye de sharje mkononi, yale makubaliano ya kampuni na vijiji. Kifaransa kitupu, majedwali kila mahali. Anataka niende nikaisome yote mbele ya watu, watanichangia nauli. Anasema waliotia sahihi ni wale waliosoma. Wengine waliambiwa tu kwamba kila kitu kimo humo.

Kifaransa cha ofisini nakiweza. Sura ya pesa ndiyo inanitisha. Nikisema "mtapata" mahali palipoandikwa "mnaweza kupata", kesho atakayeulizwa ni mimi. Nani amewahi kuifanya kazi hii?

Mwalimu mstaafu
Mama, anza na hiyo hiyo sura ya pesa, watu wakiwa hawajachoka. Wengi huchanganya mifuko miwili. Kwa sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa Machi 2018, mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayochimba, hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 utawala wa mahali mgodi ulipo (sekta, sheferi yaani eneo la chifu, au komini), 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Wakitaka kujua ile 15 imefanya nini, waende kwa viongozi wao, siyo getini kwa kampuni.

Mfuko wa pili ni mchango wa maendeleo ya jamii, usiopungua asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi. Waambie hivi: kampuni ikiuza kwa dola 1,000, dola 3 ni za mfuko huo.

Kaye yenyewe ni ahadi: shule, kisima, barabara. Kila ahadi wasomee nini, lini, na nani analipa. Utangulizi ruka. Hakuna aliyewahi kunywa maji ya utangulizi.

Kamoto
Bure? Weka bei kwa ukurasa, mama. Mafuta ya jenereta nani ananunua?

MamaFotokopi
Kamoto, fotokopi nalipisha. Kusoma, hapana. Nikiweka bei, watakaojua kilichoandikwa ni walewale wenye pesa.

Yaya wa Sheria
Na tena huyo mzee haombi sadaka. Katiba, kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu zitangazwe. Kaye siyo sheria, sawa, lakini sheria ya madini iliyoizaa ni sheria. Nitajieni kijiji kimoja kilichoipata kwa Kiswahili.

Binti Kasenga
Kiswahili nacho hakifiki kwa wote. Mama yangu anaongea Kibemba; mkutano ukiwa wa Kiswahili anakaa nyuma anaitikia tu. Tafuta mtu wa palepale arudie kwa lugha yao kila kipengele kinapoisha. Usimwachie mwishoni, maana mwishoni atasema "kampuni itatusaidia" na kuketi.

Halafu angalieni saa. Asubuhi wanawake wako shambani. Hata wakija, mbele ya shefu hawaulizi kitu. Wewe ni mwanamke, kaa nao pembeni baadaye, hapo ndipo utasikia maswali.

Fundi simu, Kamalondo
Jirekodi pia. Mega za intaneti ni ghali na wengi huko wana simu za vitufe, lakini nyingi zinacheza sauti kutoka kwenye kadi ya memori. Kila sura faili yake, fupi, na utaje namba ya ukurasa mwanzoni ili anayejua Kifaransa akukague. Itamfaa pia asiyeona.

MamaFotokopi
Asanteni sana. Nitakwenda Jumapili baada ya ibada, na jirani yangu anayejua Kibemba amekubali kunisindikiza. Ila leo nimeipitia upya: ukurasa wa ahadi unasema "angalia bajeti katika kiambatisho", na nakala ya mzee haina kiambatisho chochote.

Mwalimu mstaafu
Basi nenda usome iliyopo, na mbele ya wote useme kurasa hizo hazipo. Kisha kaeni mwandike barua ya kuziomba, wasaini wengi, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

MamaFotokopi
Nakala hiyo natoa mimi.