Mwamba ni jiwe tu? Maneno ya mafundi yafundishwe au yaachwe?

Ndugu zangu, kuna hoja imeshika kasi: vijana wa ufundi wafundishwe majina ya Kiingereza peke yake, maana ramani na mitihani ni ya Kiingereza, na maneno kama mwamba yabaki kwa wazee wa nyumba za makuti. Mimi napinga, na nitaeleza kwa neno hilohilo.

Mwezi uliopita hapa Mikindani tulikuwa tunajenga jiko la uani. Nguzo za panda, zile zenye ncha ya juu iliyogawanyika, zimeshasimama, udongo bado. Nikamwambia kijana aliyetoka chuo, "Lete mwamba." Akaenda kwenye rundo la mawe. Simlaumu. Shuleni mwamba ni jiwe, baharini ni pale ngalawa inapopasukia, na mtaani ni mwanamume asiyetishika. Mwamba wa nyumba hajawahi kutajiwa: mti mnyoofu unaolazwa kwenye panda za nguzo, toka pembe hii hadi ile, makombamoyo yote, yaani miti inayobeba ezeko la paa, yakaukalia. Ukipinda huo, paa zima limepinda.

Sasa lisikilizeni neno lenyewe. Tunawamba ngoma: ngozi mbichi inavutwa juu ya mzinga, inakazwa kwa vigingi. Tunawamba kitanda kwa kamba. Na wazee wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Huyo ni mtu, wingi wake wawamba, si miamba. Nashikilia kwamba mti wa paa umetoka kwenye kitenzi hichohicho, kwa sababu nao hunyooshwa na kukazwa ncha kwa ncha. Mwamba wa bahari siuingizi humo, ingawa nyumba zetu kongwe za mawe zimetoka huko: ukuta ni matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa.

Kijana anayejua kwamba mwamba huwambwa hangoji kuambiwa akaze ncha zote mbili. Jina la Kiingereza alijue pia, ramani aisome. Ila jina hilo halimwambii mkono wake ufanye nini.

Anayesema maneno haya hayana kazi tena anijibu: uko juu, unataka mti huo upandishwe, msaidizi wako hajakanyaga chuo. Unamwitia kwa jina gani? Na wenzetu wa Kilwa na Nachingwea, kwenu bado mnauita mwamba, au mna jina jingine?