Kaka kafungwa miaka 30, rufaa tunaianzia wapi?

Nuru wa Kahama:
Shikamooni wakubwa. Wiki iliyopita mahakama ya wilaya ilimtia kaka yangu hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akapewa miaka 30. Inadaiwa usiku yeye na mwenzake walimtishia bodaboda kwa panga wakamnyang'anya pikipiki. Mlalamikaji alisema alimtambua kwa mwanga wa taa ya sola ya dukani. Kaka alikamatwa wiki kadhaa baadaye, na pikipiki hakukutwa nayo. Hatukuwa na wakili. Baba anataka tukusanye majirani waende kwa jaji waseme usiku ule walikuwa naye msibani, maana kwenye kesi hawakuitwa. Mama hali, halali. Naombeni mwongozo.

Karani Mstaafu:
Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nilistaafu nikiwa karani wa masjala ya mahakama, na hakuna kilichoniuma kama kuona rufaa yenye hoja ikikwama kwa sababu ya muda. Kwa hiyo majirani wasubiri. Nendeni gerezani mkamuulize kaka kama ameshatoa kusudio la kukata rufaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa siku 10 tu. Akiwa mfungwa, analikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ndiye analifikisha mahakamani. Petisheni yenye sababu za rufaa ina siku 45, na muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo (yaani kumbukumbu ya kesi aliyoandika hakimu) hauhesabiwi.

Sasa majirani. Jaji wa Mahakama Kuu hataanza kesi upya. Atasoma mwenendo: shahidi alisema nini, aliulizwa nini, akajibu nini, kwa kadiri hakimu alivyoandika. Ushahidi mpya kwenye rufaa unaruhusiwa kwa nadra, na mtu aliyekuwepo hapo mtaani muda wote wa kesi ni vigumu kumwingiza leo. Najua baba ataumia kusikia hivi, lakini mwambieni mapema asije akatumia nauli na nguvu zake mahali pasipo na mlango.

Nguvu yenu ipo kwenye ile taa. Tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu sana, na mtu asitiwe hatiani kwa huo mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Taa ilikuwa na mwanga kiasi gani? Shahidi alikuwa umbali gani na yule mtu? Alimtazama kwa muda gani? Alikuwa anamjua kabla? Kusema "nilimwona kwa taa ya sola" bila kueleza ukali wa mwanga hakutoshi.

Nuru wa Kahama:
Asante sana mzee wangu. Tatizo wanajuana, wote ni wa kijiwe kimoja. Mjomba anasema hapo ndipo kaka anapomalizwa.

Karani Mstaafu:
Mjomba ana hoja, kujuana kunampa shahidi nguvu. Lakini kama alimjua, usiku ule aliwatajia polisi jina gani? Kesi ya Marwa Wangiti Mwita ilisema wazi: kumtaja mtuhumiwa mapema kunamjengea shahidi uaminifu, na kuchelewa bila maelezo kunatakiwa kuitia mahakama shaka. Huyu kijana amekamatwa wiki kadhaa baadaye ilhali anashinda kijiweni na mlalamikaji! Chimbeni hapo.

Nuru wa Kahama:
Kwenye kesi kaka alimuuliza mlalamikaji kuhusu maelezo yake ya polisi, akakubali yameandikwa "vijana wawili nisiowafahamu". Ile karatasi sijui kama ilipokelewa.

Karani Mstaafu:
Kama jibu hilo limeandikwa kwenye mwenendo, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya rufaa yenu. Kama halikuandikwa na karatasi haikupokelewa kuwa kielelezo, jaji hana pa kuliona. Ndiyo maana nasisitiza nakala ya mwenendo. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, ila mkikuta imeandikwa Kiingereza, tafuteni mtu wa kuwasomea neno kwa neno.

Wakili Kijana:
Naunga mkono mzee. Niongeze: kwenye rufaa ya kwanza Mahakama Kuu ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, kwa hiyo wekeni sababu zote sasa. Mkifika Mahakama ya Rufani na hoja ya ushahidi ambayo hamkuitoa huku, hawataisikiliza. Huko zinaingia mpya za kisheria tu. Na ulizeni msaada wa kisheria, upo kwa Sheria ya 2017.

Nuru wa Kahama:
Na tukikuta kusudio hajatoa na siku zimepita?

Karani Mstaafu:
Mtaomba Mahakama Kuu iongeze muda, na kaka aeleze kwa kiapo kilichomchelewesha. Inawezekana, ila ni safari nyingine ndefu. Hukumu ni ya wiki iliyopita, huenda bado mna nafasi. Kesho asubuhi uwe getini, na kitambulisho chako mkononi.