MJADALA: Mji uombe Olimpiki ya Majira ya Baridi bila wakazi kupiga kura?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Milano na Cortina za Italia zilikabidhiwa michezo ya 2026 mwezi Juni 2019, na hakuna mkazi aliyeitwa kwenye sanduku la kura. Alps ya Ufaransa nayo imepewa ya 2030 kwa mtindo huohuo. Kule walikoulizwa, wamekataa mfululizo: München Novemba 2013, Kraków Mei 2014, Innsbruck na Tyrol yote Oktoba 2017, jimbo la Valais, Uswisi, kwa ajili ya mji wake wa Sion Juni 2018, Calgary Novemba 2018 (hapana 56.4%). Msimamo wangu ni kwamba kura iwe lazima. Mashindano ni siku 17, ila mkazi anaanza kuyalipia miaka saba kabla na anaendelea miaka mingi baadaye. Tujadiliane kwa hesabu, mahaba ya michezo tuyaweke kando.

Kibubu

Mkuu, kura unayoitetea haimlindi mtu. Vancouver ya Kanada, wenyeji wa 2010, walipiga kura Februari 2003, ndiyo ikashinda kwa karibu 64%. Sasa tazama kilichotokea kwenye kijiji cha wanamichezo pale False Creek.

Mpango ulikuwa hivi: jiji lina ardhi, linampa mjenzi binafsi aendeleze, mjenzi anakopa kwa mfuko wa uwekezaji, wanamichezo wanakaa wiki chache, halafu nyumba zinauzwa. Kwenye karatasi jiji halitoi hata senti. Lakini jiji lilikuwa limebeba dhamana ya kukamilisha mradi, kwa sababu tarehe ya ufunguzi haisogezwi. Msukosuko wa fedha wa 2008 ulipokuja, mkopeshaji alifunga bomba. Oktoba mwaka huo madiwani wakaidhinisha mkopo wa dola milioni 100 za Kanada kwenye kikao cha faragha. Januari 2009 bunge la British Columbia likaitwa kwa dharura kubadili sheria ya jiji ili Vancouver ikope hadi milioni 458 bila kuwarudia wapiga kura.

Kwa hiyo waliulizwa mwaka 2003, na mwaka 2009 haki ileile ya kuulizwa ikawekwa kando na bunge. Mwaka 2014 jiji lilitangaza kwamba deni la ujenzi limelipwa lote. Wapinzani wakajibu kwamba thamani ya ardhi yenyewe haikurudi yote. Na nyumba za bei nafuu zilizoahidiwa? Karibu nusu ziligeuzwa kuwa za kupangishwa kwa bei ya soko.

Wakili wa Mtaa

Kibubu, ulichoeleza ni hoja ya kuiboresha kura, hakiiondoi. Kosa la Vancouver ni kwamba watu waliulizwa "mnataka michezo?" kama wanavyoulizwa watoto kama wanataka peremende. Karatasi ya kura ingekuja na viambatanisho vitatu:

Cha kwanza, mkataba wa mji mwenyeji, hata kama ni rasimu. Humo ndimo unamwona nani anabeba nakisi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) inatoa mchango wake uliopangwa, lakini pengo linalobaki haliwi lake.

Cha pili, ukomo wa dhamana kwa tarakimu. "Serikali itahakikisha" ni hundi isiyoandikwa kiasi. Na kiambatanisho hiki kiseme wazi: ukomo ukivukwa, wapiga kura wanarudiwa.

Cha tatu, orodha ya kila ukumbi, na mbele yake jina la atakayelipa umeme, mafundi na bima kuanzia mwaka wa pili baada ya michezo. Salt Lake City baada ya 2002 ilitenga mfuko wa dola milioni 76 kwa kazi hiyo, na viwanja vyake bado vinatumika. Calgary ilikuwa na njia ya bobsleji (sleji inayoteremka kwa kasi kwenye mfereji wa barafu) iliyojengwa kwa ajili ya michezo ya 1988. Ilipohitaji ukarabati mkubwa fedha hazikutosha, ikafungwa 2019. Anayesoma kiambatanisho cha tatu anaona mambo kama haya mapema.

Barafumoto

Hapo kwenye bobsleji naomba tukae kidogo, maana ndipo pesa inapoyeyuka.

Njia ya bobsleji huwezi kuigeuza kitu kingine. Ni zege iliyonyunyiziwa juu ya mtandao wa mabomba ya kupoozea, kwa kawaida ya amonia, na juu yake barafu ya sentimita chache. Kila kona imepinda kwa kipimo chake. Ukumbi wa barafu unaufanya soko, ukumbi wa maonyesho, uwanja wa mpira wa kikapu. Richmond, jirani na Vancouver, waliugeuza ukumbi wa mbio za barafu kuwa kituo cha michezo cha wakazi na unajaa kila siku. Njia ya bobsleji ukizima mitambo unabaki na mfereji wa zege mlimani. Na usipozima, unahitaji mafundi zamu kwa zamu na mpango wa kuwahamisha majirani amonia ikivuja.

Torino 2006 walijenga njia yao Cesana Pariol kwa takriban euro milioni 110. Haikufika hata miaka kumi, ikafungwa na amonia ikatolewa. Halafu nchi hiyohiyo ikajenga mpya Cortina kwa ajili ya 2026, kwa gharama ya karibu milioni 120, ilhali IOC yenyewe ilishauri watumie njia iliyopo nje ya mipaka. Ipo ya Igls, Innsbruck, nchini Austria, hapo ng'ambo ya milima. Jibu la serikali lilikuwa la heshima ya taifa, na heshima haina mita ya umeme.

Jambo la pili ni maji. Watu hudhani mashine ya theluji inahitaji baridi tu. Kinachoamua ni baridi *na* ukavu wa hewa pamoja, yaani ile nyuzi unayoisoma kwenye kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Ikishuka chini ya takriban -2, mashine zinafanya kazi. Ndiyo maana kwenye nyuzi 0 na hewa kavu unatengeneza theluji, na kwenye -1 yenye ukungu unapata matope. Cypress, mlima uliotumika 2010, uko karibu na bahari, unyevu wake mkubwa. Mwezi huo ulikuwa na joto, theluji ikasombwa kwa malori na helikopta, marobota ya nyasi kavu yakawekwa chini yake kujaza umbo la mteremko. Tiketi 28,000 za kusimama zikafutwa kwa sababu sehemu ya watazamaji ilikuwa inazama.

Kiasi sasa. Mita 1 ya ujazo ya maji hutoa mita 2 hadi 2.5 za ujazo za theluji. Hekta 1 kwa kina cha sentimita 30 inataka mita 3,000 za ujazo za theluji, yaani maji mita 1,200 hadi 1,500. Mteremko wa mashindano unataka kina zaidi ya hicho. Maji hayo huvutwa Novemba hadi Januari, wakati mito ya milimani iko chini kabisa kwa sababu maji yamelala juu kama theluji. Kama bwawa la kuhifadhi halijajengwa na kujazwa tangu masika, pampu inashindana na bomba la jikoni. Kwenye kura sitaki kuulizwa kuhusu medali. Niulizwe bwawa litakaa wapi na litajazwa mwezi gani.

Mpangaji wa Kudumu

Mmesahau pango. Kadhia inaanza kwenye tarehe ya mwisho wa mkataba. Mwenye nyumba anakupa mkataba unaoisha Desemba au Januari, kabla tu ya michezo, na kipengele cha kuhuisha kimeondolewa kimyakimya. Anayepanga kwenye mji mwenyeji akague mstari huo kwanza, kabla hata ya kuangalia bafu.

Na wenye nyumba wenyewe wengi hujidanganya. Tuchukue mfano wa kubuni kwa sheria za Italia. Pango la kawaida euro 1,000 kwa mwezi. Unamtoa mpangaji, unapangisha usiku 17 kwa 250, unapata 4,250. Toa ada ya tovuti 15%, ambayo ni 637.50. Toa kodi ya 21%, inayokatwa kwenye kiasi chote kabla ya ada, 892.50. Toa usafi mara tano kwa 60, ni 300. Unabaki na 2,420. Sasa nyumba ilikaa bila mpangaji miezi mitatu: wa maandalizi, wa michezo, na wa kutafuta mpangaji mpya. Miezi hiyo ingekupa 3,000, ukitoa kodi ileile 2,370. Faida ni euro 50, na hujanunua mashuka. Usiku mmoja tu ukikosa mgeni, tayari una hasara.

Tena huko lazima uwe na namba ya utambulisho ya kitaifa ya nyumba ya wageni, uionyeshe kwenye tangazo, na utume majina ya wageni polisi kwa mtandao ndani ya saa 24 tangu wafike. Anayeruka hatua hizi anakutana na faini, na ile 50 inageuka kichekesho.

Kibubu

Hesabu yako ni ya mjini, mkuu. Cortina, mji wa watu wasiofika 10,000, kitanda wiki ya mashindano kinauzwa zaidi ya hiyo 250. Hapo mwenye nyumba anapata, na mpangaji anayeumia ni mhudumu wa hoteli anayelala bondeni na kupanda kwa basi.

Lakini nitetee upande wangu. Bila tarehe isiyosogezeka, miradi mingine ingebaki kwenye makabrasha. Reli ya Canada Line ya Vancouver ilifunguliwa Agosti 2009. Metro ya Torino, Februari 2006, siku chache kabla ya ufunguzi. Treni ya kasi ya Shinkansen ilifika Nagano, Japani, Oktoba 1997, na treni ya kasi ya Korea Kusini ikafika Gangneung Desemba 2017. Mkazi anapanda hizo hadi leo. Kura ya hapana inazizika pia.

Mpimaramani

Siyo kila reli. Vancouver pia walikuwa na tramu kati ya Granville Island na kijiji cha wanamichezo. Mabehewa yaliazimwa Brussels, yakatembea siku 60, yakarudishwa kwao. Kinachobaki ni kile kilichokuwa kwenye mpango wa mji kabla ya michezo. Kilichobuniwa kwa ajili ya michezo huondoka na michezo.

Na kwa wakazi ambao michezo inakuja wakitaka wasitake, kinachowakwamisha ni vibali. Njia ya kwenda Whistler, mji wa mlimani kulikofanyika mashindano ya kuteleza, barabara namba 99, mwaka 2010 ilikuwa na kizuizi mchana, hupiti na gari bila kibali. Kibali kama hicho hutolewa kwa namba ya gari, wakati muuguzi anayekuja kumhudumia mgonjwa nyumbani anabadilika kila zamu na gari lake pia. Familia yenye mgonjwa idai kibali cha *anwani*, kisichofungwa kwa gari moja, na idai miezi kabla. Gesi, oksijeni na dawa ziagizwe zifike kabla eneo halijafungwa, kwa sababu mizigo ndani ya uzio hupitishwa usiku baada ya ukaguzi, na dereva aliyechelewa dirisha lake hurudishwa hadi kesho yake.

Mleta mada

Haya yote yawe kiambatanisho cha nne, juu ya vile vitatu vya Wakili. Bado nasema kura. Na wapiga kura si kwamba wanakataa kila kitu: Oktoba 2025 München hiyohiyo ilikubali kwa karibu theluthi mbili. Lilikuwa ombi la Olimpiki ya kiangazi, lenye viwanja ambavyo vingi tayari vimesimama.

Wakili wa Mtaa

Sawa, ila jibu na hili: apige nani? Colorado mwaka 1972 jimbo zima lilipiga, wakakata fedha, Denver ikarudisha michezo ya 1976 na Innsbruck ikaichukua. Vancouver 2003 walipiga wakazi wa jiji peke yao. Whistler, kulikotelezwa, hawakuulizwa. British Columbia yote, iliyosaini kubeba nakisi, haikuulizwa.

Mleta mada

Apige anayesaini dhamana.

Barafumoto

Na anayeishi chini ya bwawa? Huyo kura yake itamezwa na ya jiji.