Kufundisha kuimba kwa mwili na pumzi, mpaka yoga: nani kashajaribu kwenye kwaya?

MwalimuSolfa
Habari zenu wadau. Nafundisha kwaya ya vijana huku Iringa, sauti nne za kawaida, solfa wanasoma vizuri tu sina ugomvi nao hapo. Shida ni soprano, wakipanda juu mabega nayo yanapanda, shingo inatoa mishipa, sauti inabana. Nikisema vuteni pumzi ndo wanazidi kuinua vifua. Sasa kuna dada kaja likizo, anasomea uimbaji Ujerumani, akatulaza chali sakafuni, tunapumua tu, tunanyoosha mgongo, tunazungusha mabega, mambo ya yoga yoga hivi, karibu nusu saa hakuna kuimba, vijana wanacheka. Tulipokuja kuimba ule ule wimbo tulioubanana nao wiki nzima sauti ikatoka imetulia kabisa. Dada kashaondoka. Naombeni mnieleze pale kilifanyika nini na naendeleaje bila yeye? Halafu la pili, mzee mmoja wa kanisa kasikia neno yoga kanivuta pembeni anauliza kama nimeanza kuleta dini ya Wahindi.

kocha_wa_sauti_254
Mwalimu pole na kazi. Hakuna miujiza hapo, sakafu ndiyo ilifundisha. Mtu akilala chali mabega hayana pa kwenda, shingo haibebi kichwa, kwa hivyo ile misuli yote ya juu inapumzika na kazi inabaki kwa kiwambo. Kiwambo ni msuli umetanda chini ya mapafu, umeshikana na mbavu za chini na uti wa mgongo, ukishuka mapafu yanapanuka na hewa inaingia yenyewe. Tumbo inatoka kwa sababu vitu vya ndani vinasukumwa, si eti hewa imeenda huko, kuna walimu bado wanaambia watoto "jaza tumbo hewa" na watoto wanaishia kusukuma tumbo nje bila kupumua lolote.

Endelea hivi: walale chali magoti juu, mkono mmoja kwa tumbo mwingine kwa mbavu za pembeni, watoe hewa YOTE kwa "sss" pole pole, halafu wasivute, waache tu iingie. Hapo ndio wataelewa. Kisha wageuke walale kifudifudi, paji la uso juu ya mikono, wenye yoga wanaita mkao wa mamba, hapo watasikia mgongo wa chini unapanuka, na wengi hawajawahi kujua mgongo unapumua. Baadaye wakae, wasimame, na hapo ndio kazi iko, kubeba ile hisia mpaka wakiwa wima. Usiruke hii hatua ukimbilie wimbo.

Na hao soprano, waambie noti ya juu haitaki kusukumwa hewa nyingi. Ile noti ya A ya 440 nyuzi za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde, oktava juu yake 880, ukizirushia hewa kwa nguvu zinajibana kujikinga na ndio hiyo mishipa ya shingo unaona. Waitaliano wana kitu wanaita appoggio, mbavu zibaki wazi wakati hewa inatoka, zisianguke ghafla.

besi_mkongwe
Sipingi ila yoga msiichukue yote kama ilivyo. Kuna ile pumzi ya ujjayi, unafinya koo kidogo mpaka hewa itoe mvumo, nzuri kwa mtu wa yoga ila kwa mwimbaji ndo tabia tunayopigana nayo, pumzi ya kuimba iingie kimya koo likiwa wazi. Kapalabhati nayo, ile ya kurusha tumbo haraka haraka, usimpe mwenye presha wala mjamzito. Na kubana pumzi muda mrefu kwa vijana wanaoanza wataona kizunguzungu bure. Inayofaa sana ni bhramari, unatoa pumzi huku unavuma mmmm midomo imefungwa. Hiyo na kuvumisha sauti ndani ya mrija ni ndugu, Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti kule Marekani, ndiye kaieleza sana hii ya mrija, mgandamizo unaorudi nyuma unazisaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu.

Bibie_wa_Ungujaukuu
Nyie na sakafu zenu 😄 Bi Kidude kasomea yoga wapi? Alikuwa akipiga ngoma ya msondo huku anaimba, kiuno, miguu, mikono, vyote kazini, na sauti ikijaza uwanja (sigara tu msimwige). Wanakwaya wenu mnawasimamisha kama nguzo halafu mnashangaa wamekakamaa. Waacheni wacheze kwanza. Na wa pumzi ndefu mkitaka msikilizeni Sheikh Abdul Basit wa Misri anavyosoma Qur'ani, aya ndefu kwa pumzi moja na mwisho wake haujachoka. Kuruani huvuti pumzi katikati ya neno, unajifunza tangu mdogo chuo cha Kuruani wapi pa kusimama. Waimbaji wengi wa taarabu wamepita huko.

kocha_wa_sauti_254
@Bibie hapo umenimaliza, kucheza ni kweli kabisa. Kuhusu mzee wa kanisa, mwambie habari ya F. M. Alexander, Mwaustralia aliyezaliwa Tasmania 1869, alikuwa mghani jukwaani sauti ikawa inamkauka, akajitazama kwa vioo akaona kila akianza kughani anavuta kichwa nyuma na kuhema kwa kelele. Akahamia London 1904 akifundisha, na mpaka leo vyuo vya muziki Uingereza wanatumia njia yake ya kurekebisha mkao wa kichwa, shingo na mgongo. Hakuna dini hapo.

besi_mkongwe
Sawa lakini asimfiche mzee. Yoga imetoka India na ina upande wake wa ibada, aseme wazi tunachukua kunyoosha mgongo na kupumua, nyimbo za ibada na tafakuri zao hatuchukui. Mkificha akija kugundua atafunga mazoezi yote. Mwalike aje aone.

MwalimuSolfa
Asanteni sana. Mzee namwalika Jumamosi, akitaka alale na yeye 😂 Swali dogo, huo mrija ni wowote? Na kuna binti huwa anaanguka tukisimama muda mrefu, ni pumzi?

kocha_wa_sauti_254
Mrija wa soda uko sawa, avume bila hewa kutoka puani, akishazoea achukue mwembamba zaidi. Huyo binti angalia magoti, wengi wanayakaza nyuma kabisa na damu inatuama miguuni, alegeze kidogo na ahamishe uzito mguu hadi mguu. Asiimbe na njaa pia. Ikiendelea apelekwe hospitali, hiyo si ya mwalimu wa kwaya.